Mtihani wa Njiani wa Maman Eulalie

Saa mbili asubuhi, kwenye baraza la nyumba moja mtaani Nguba, Bukavu, Mbelgiji mmoja mrefu amesimama na bidoni tupu, dumu la maji, mkononi. Anaitwa Guy, ni fundi wa umeme wa jua. Kosa lake ni kwamba amekanyaga mguu wa mwalimu wake na kusema "pardon".

"Bidoni, Guy," anasema mwalimu.

"Maman Eulalie, ni neno moja tu!"

"Na utachota bidoni moja tu. Enda kwa bomba. Ba-maman ba kule batakuongelesha vizuri kuliko mimi."

Guy anashuka ngazi akicheka. Mwalimu hacheki. Macho yake yako kwenye simu aliyoiweka dirishani, mahali pekee penye mtandao wa uhakika ndani ya nyumba hii.

Eulalie Mushagalusa, mwenye umri wa miaka 49, anafundisha wageni Kiswahili cha Bukavu. Zamani alifundisha shule ya msingi, hadi alipochoka kungoja mshahara usiofika. Sasa mwaka wa utulivu humletea wanafunzi kumi. Mwaka wa vurugu, wawili ni bahati.

Kanuni yake ni moja. Ukivuka lango lake, Kifaransa kinabaki barabarani. Anayekisema anachota maji, awe daktari, awe padri. Bomba la nyumba hukauka mara kwa mara, kwa hiyo adhabu hiyo inainufaisha familia nzima, naye haoni aibu kulisema.

"Siku wote wakiongea vizuri, tunachota sisi wenyewe," anasema.

Asubuhi hii anamsubiri mwanafunzi mwingine. Ornella ni mkunga Mwitaliano anayeishi Bujumbura. Amekuja Bukavu kujifunza lugha kabla ya kuanza kazi katika zahanati ya uzazi huko Luvungi, kwenye bonde la Ruzizi. Siku ya kwanza aliulizwa kwa nini hatumii mkalimani. Alijibu kwamba mama mwenye uchungu wa uzazi hamngoji mkalimani.

Kama wanafunzi wote wa Eulalie, Ornella amemalizia masomo yake kijijini. Alikwenda Bunyakiri, kwa Adolphine, dada mkubwa wa Eulalie, anayelima mihogo. Alipaswa kurudi juzi. Mvua ikaporomosha kilima juu ya barabara, na magari yakakwama pande zote mbili za tope.

"Kuchelewa si shida, barabara yetu tunaijua," anasema Eulalie. "Shida ni pale unapochelewea."

Simu inalia. Ni Dany, dereva wa jeep iliyombeba Ornella. Eulalie anaweka sauti ya juu ili asikose neno.

"Maman, bamemukamata muzungu wako."

"Nani bamemukamata?"

"Batu ba barrière. Tulirudi nyuma kutafuta njia ingine, bakatusimamisha. Bako namuuliza kwa Kifaransa, anatoka wapi, anatafuta nini. Yeye anajibu Kiswahili tu. Na anacheka, Maman! Bako na bunduki, yeye anacheka!"

Eulalie anakaa chini. Barrière ni kizuizi cha barabarani, na wenye bunduki wa huko anawajua.

Anajua kwa nini Ornella anacheka. Kosa ni lake, na mwenyewe analitaja kabla hajaulizwa.

Kwa miaka mingi amekuwa akifunga masomo kwa kile anachokiita mtihani wa njiani. Mwanafunzi anaporudi kutoka kijijini, Eulalie humpanga mtu amsimamishe na kumbana kwa Kifaransa: dereva, muuza ndizi, safari moja hata jirani aliyevaa koti la polisi. Anayeshikilia Kiswahili hadi mwisho amefaulu. Wanafunzi wanajua kwamba mtihani utakuja. Hawajui utakuja wapi wala kwa sura gani.

"Safari hii nilimupanga Dany," anasema. "Angemuuliza hapa mujini, kwa parking, wakishuka. Si kule."

Ornella anadhani wenye bunduki ndio mtihani.

Dany anaendelea, na habari inazidi kuwa mbaya. Mzungu anayekataa Kifaransa na kusalimia kama mzaliwa wa Bunyakiri hawezi kuwa mgeni, wanasema wale watu. Amekaa milimani muda mrefu kwa siri, na anayejificha huko anatafuta madini.

"Na tena amebaambia, 'Mumuambie Maman Eulalie, mimi sianguki.' Sasa Chef yabo anataka kujua huyu Maman Eulalie mwenye kupanga batu kwa barabara ni nani."

"Ametaja jina yangu?"

"Mara mingi, Maman."

Mtandao unakatika.

Guy amerudi na maji. Anaelezwa, anaweka bidoni chini na kusema wapige simu ubalozini.

"Piga," anasema Eulalie. "Lakini Kinshasa iko mbali na ile barrière kuliko mimi."

Anampigia Dany. Haipatikani. Anampigia Adolphine. Haipatikani. Anachukua ufagio na kufagia baraza ambalo alilifagia alfajiri, akirudi dirishani kila mara kuitazama simu. Chai aliyommiminia Guy inapoa, hakuna anayeigusa.

Dany anapopatikana tena, anaongea kwa kunong'ona.

"Maman, banasema saa sita banamupandisha juu."

"Juu wapi?"

"Juu, Maman. Kwa pori."

Eulalie anatazama saa ya ukutani. Imekaribia saa tano.

"Dany, mupatie Chef telefone."

"Maman, Chef hana furaha."

"Mupatie."

Inasikika minong'ono, mlango wa gari, kisha sauti nzito.

"Wewe ndiye Maman Eulalie?"

"Ndiye mimi. Niko mwalimu, hapa Nguba. Ule mutoto iko mwanafunzi yangu."

"Mwanafunzi? Anasalimia kama nyanya yangu. Huyu amekaa huku miaka."

"Alikaa kwa dada yangu Adolphine, mwenye mihogo nyuma ya parokia ya Bunyakiri. Tuma mutu aulize."

"Na kwa nini anakataa Kifaransa?"

"Nilimukataza mimi."

"Na wewe ni nani wa kukataza batu Kifaransa?"

"Mwalimu, Chef. Hiyo tu."

"Basi ongea naye. Niko nasikia."

Sauti ya Ornella inaingia, nyepesi, kama ya mtu aliye sokoni.

"Maman! Nimeshinda? Sikusema hata neno moja!"

"Ornella, sikia vizuri. Hii si mutihani. Ubajibu kwa Kifaransa."

Ornella anacheka. "Ah, Maman! Na wewe pia? Sianguki!"

Eulalie anajipiga paji la uso. Ni yeye aliyewasimulia wanafunzi, kwa majivuno, habari ya mwanafunzi mmoja wa zamani aliyeshinda mitego yote ya njiani, kisha akapigiwa simu na mwalimu na kuambiwa sasa anaweza kusema Kifaransa. Akakisema, akaanguka.

Tangu Ornella avuke lango hili, Eulalie hajawahi kumsemesha kwa Kifaransa, hata siku binti huyo alipougua malaria na kupayuka kwa Kiitaliano. Sasa anafumba macho, anashika ukingo wa dirisha.

"C'est fini, ma fille," anasema. "Ce n'est pas moi."

Imekwisha, binti yangu. Si mimi niliyewatuma.

Kicheko cha upande wa pili kinakoma. Kisha Ornella anaanza kulia, na katikati ya kilio anaongea Kifaransa kilichovunjika, kilichochanganyika na Kiitaliano: jina lake, kazi yake, Luvungi, akina mama wajawazito, Luvungi tena.

Chef anamwacha amalize. Halafu anarudi kwenye simu.

"Maman mwalimu."

"Ndiyo, Chef."

"Kifaransa yake iko mubaya sana."

"Ndiyo, Chef."

"Muzungu wa madini hawezi kuongea hivi." Anakohoa. "Aende. Lakini hii mutihani yako usiilete huku tena. Siku ingine batu hawatauliza."

Simu inazimwa. Eulalie anaingia jikoni na kufunga mlango. Anapotoka, ameosha uso.

Saa kumi na moja jioni pikipiki inasimama langoni. Ornella ameiacha jeep ya Dany ng'ambo na kuvuka maporomoko ya udongo kwa miguu, na tope limemfika magotini. Eulalie anamshika mabega, anamgeuza mbele na nyuma kama mama anayemkagua mtoto aliyetoka kupigana.

"Nilicheka mbele yabo, Maman," anasema Ornella. "Nilimuambia mumoja kwamba anaigiza vizuri."

"Akajibu nini?"

"Aliuliza kuigiza ni nini."

Guy anacheka, kisha anaona aibu. Eulalie naye anacheka, mara ya kwanza leo, na machozi yanamtoka.

Mtihani wa njiani umekwisha, anasema, na hataurudisha. Mpango wake sasa ni kupata familia tatu humu humu Bukavu, zisizosema Kifaransa nyumbani, ili mwanafunzi asihitaji ile barabara. Tayari amezungumza na moja. Na somo la kwanza litabadilika: kabla ya salamu, mgeni atafundishwa jinsi ya kujieleza kizuizini, kwa lugha yoyote atakayoulizwa.

"Kanuni yangu inakaa hapa, ndani ya lango," anasema. "Kule nje, mutoto aongee chochote kitakachomurudisha."

Ornella ataondoka kwenda Luvungi Jumatatu. Eulalie ameamua kumsindikiza hadi mlango wa zahanati, na anatumaini mwakani atarudi huko kumsikia akimtuliza mama mwenye uchungu bila kutafuta maneno.

Guy anainua mkono, kama darasani.

"Maman, leo umesema Kifaransa. Sote tumesikia."

"Na mimi," anasema Ornella. "Mengi sana."

Eulalie anatazama bidoni mbili kando ya mlango. Anachukua ile kubwa.

"Mimi ndiye nilianza," anasema, na kushuka ngazi kuelekea bombani. Ornella anachukua ndogo na kumfuata, akiacha alama za tope kwenye baraza lililofagiliwa siku nzima.