Hadeda wa Kiitikio

Leo nimefukuza ndege juu ya paa kwa ufagio, kumbe alikuwa ndani ya kompyuta.

Nilikuwa nahariri wimbo wa kwaya yetu ya kanisa, hapa Bertrams. Kila kiitikio kikiisha, hadeda analia. Na hawa ndege wa Joburg mnawajua, sauti kama geti lisilo na grisi.

Natoka na ufagio, paa tupu. Narudi kusikiliza, analia tena, palepale.

Ndipo nikagundua. Kiitikio tulikirekodi mara moja tu, mimi nikakinakili wimbo mzima. Na ndege nikamnakili naye.

Basi nikakata vipande vyake vyote, nikafuta na rekodi ya awali, nikamwita Mama Furaha, kiongozi wa kwaya, aje asikilize.

Akavua hedifoni. "Na ndege iko wapi?"

"Nimemtoa, mama."

"Umemutoa? Ile ulinipa Jumapili nilishatuma kwenye grupu. Kanisa yote inaimba sehemu ya ile ndege."

Eish.

Sasa hivi niko nje kwenye yadi na maikrofoni. Hadeda mmoja ametua, akalia vizuri tu. Mama Furaha akatikisa kichwa.

"Huyu hakufanya mazoezi."

Mwenye kumjua hadeda aliyeokoka, anitafute.