Riwaya Iliyovaa Jalada la Pareto

Enzi zetu, riwaya ya mapenzi haikuonyesha uso wake hadharani. Ile iliyosomwa nyumbani kwetu, huko Uporoto, juu ya mji wa Mbeya, ilivishwa jalada la kijitabu cha kilimo bora cha pareto. Juu yake palikuwa na picha ya bwana shamba akitabasamu katikati ya maua meupe. Ndani, msichana wa pwani aitwaye Rehema alikuwa akilia kwa sababu ya karani wa bandarini. Ninyi mliozaliwa miaka ile mtanielewa. Vijana wanaosoma mapenzi kwenye simu, wamekaa kochi moja na baba zao, hawawezi kujua tulikuwa tunaficha nini.

Siku hizi naandika riwaya za aina hiyo hiyo. Nalisema hilo bila aibu na bila majivuno, kama fundi viatu anavyosema anashona viatu. Wasomi hunihurumia kidogo. Huniuliza ni lini nitaandika kitabu cha maana, nami huwajibu kwamba nikipata nafasi. Kazi hii sikujifunza chuoni, nilijifunza kwenye ua wa Babu na Bibi, wazazi wa mama yangu, miaka ya sabini, wakati reli ya kwenda Zambia ikijengwa na mjomba wangu akiwa huko kwenye kambi za wajenzi.

Nakumbuka baridi ya Juni kabla ya jambo lingine lolote. Tulikwenda mchakamchaka miguu peku, umande umeganda kwenye majani, tukiimba nyimbo za kujenga taifa huku meno yakigongana. Mwalimu wa zamu alikuwa na koti. Sisi tulikuwa na moyo. Tukirudi nyumbani tulikuta magimbi ya kuchemsha na maziwa mgando, na Bibi akisema maneno yake ya kila siku, kwamba baridi humwogopa aliyeshiba. Jioni tulicheza rede kwa mpira wa soksi mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuna aliyetuuliza kama tumechoka, na sidhani kama tulikuwa tunajua kwamba mtoto anaruhusiwa kuchoka.

Kitabu kilikuja na mama mdogo Sekela, mdogo wake mama yangu, aliyekuwa akisoma sekondari ya wasichana Iringa. Wakati wa likizo alishuka kwenye basi akiwa na sanduku la bati na vumbi la njia nzima. Bwenini kwao riwaya ilikuwa moja na wasomaji wengi, kwa hiyo waliifumua nyuzi na kuigawa vipande vipande. Mmoja anasoma mwanzo, mwingine katikati, mwingine anajua Rehema anaolewa kabla hajajua Rehema ni nani. Likizo ikifika, kila msichana aliondoka na vipande alivyobahatika kuvipata. Sekela alipata vyote isipokuwa cha mwisho, ambacho kilikwenda Madibira na mwenzake mmoja na hakikurudi tena.

Msomaji nilikuwa mimi, kwa sababu mikono ya wengine ilikuwa na kazi. Mchana, wanawake walikaa uani wakichagua maua ya pareto na kuyaanika kwenye vichanja, huku wakipiga chafya. Alikuwepo Bibi, aliyekuwa ameanza masomo ya watu wazima na kila nilipokosea silabi alinisahihisha kwa furaha isiyofichika. Alikuwepo Sekela mwenyewe. Alikuwepo pia Mama Bupe, mke wa mjomba, ambaye kwa mila zetu za Kinyakyusa hakuruhusiwa kukutana na baba mkwe wake, kumtazama wala kutaja jina lake. Kwa ajili hiyo Babu alikaa upande wa pili wa nyumba, nyuma ya ukuta, na kikohozi chake cha tumbaku. Hakujua kusoma. Aliona picha ya bwana shamba kwenye jalada akaridhika kwamba mjukuu anasoma kilimo. Aliridhika mpaka alipoanza kuyasikia maneno yenyewe, na baada ya hapo aliendelea kuridhika, kimya kimya.

Somo langu la kwanza la uandishi lilikuja na chai. Nilisoma kwamba dada yake Rehema, bibi harusi wa juzi, aliingia sebuleni, akammiminia baba mkwe wake chai, akampa mkononi, akaketi karibu naye wakazungumza habari za mvua. Mikono yote ikasimama juu ya pareto.

"Soma tena hapo," alisema Mama Bupe. "Alimpa mkononi?"

"Mkononi."

"Mwe! Huyo ni mwendawazimu. Hicho kitabu mimi sikiamini tena."

Nyuma ya ukuta kikohozi kilikatika ghafla, kama cha mtu aliyepaliwa. Siku hiyo hadithi ilikufa pale pale. Kesho yake nilirudia ukurasa ule ule, lakini chai ilipelekwa na mtoto mdogo na bibi harusi akabaki jikoni. Mama Bupe akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Bibi akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mjukuu wangu," kana kwamba nimemletea maji ya kunywa. Wahakiki husema riwaya za mapenzi zina mwisho unaojulikana. Ni kweli, na wanawake wale waliujua. Kilichowaweka pale ni kutaka kuona wahusika watapita njia gani, na kama watafika na adabu zao.

Lakini likizo ile haikuwa ya Rehema peke yake. Sekela alikuwa amemaliza kidato cha nne na amechaguliwa kwenda chuo cha ualimu, huko huko Iringa. Wakati huo huo mfugaji mmoja wa Chimala, mgane mwenye mashine ya kusaga, alikuwa ametuma washenga, na pamoja nao mtamba mwekundu mwenye macho mazuri. Babu hakusema ndiyo wala hapana. Alimfunga tu mtamba yule karibu na pale alipokaa, na mimi nikawa namkatia majani. Sote tulielewa kwamba ng'ombe akizidi kulala zizini kwako, atakujibia. Chuo kilikuwa kinakaribia kufunguliwa, na mtamba alikuwa ananenepa.

Leo mtu atauliza kwa nini Sekela hakumwambia baba yake kwamba anataka kusoma. Kwetu binti hakumkabili baba yake kwa habari za ndoa. Neno lilipita kwa mama, na mama akachagua saa ya kulifikisha. Sekela alimwomba Bibi, na Bibi akaogopa. Kila siku alisema kesho. Nilimwona Sekela akianika pareto kwa namna ya mtu anayezika kitu, na nilikuwa mdogo lakini niliumia.

Kisha vipande vyetu vikaisha. Rehema alikuwa amesimama mlangoni pa baba yake, aliyetaka kumwoza tajiri mwenye maduka, na ukurasa uliofuata haukuwepo. Wanawake walinigeukia kana kwamba nimeula mimi.

"Mimi nilishausoma mwisho wake shuleni," alisema Sekela. "Nitawasimulia."

Akasimama, akafuta mikono kwenye khanga, akasimulia kwa sauti kubwa kuliko ua ule ulivyohitaji, kama mwalimu anayetaka watoto wa nyuma wasikie.

"Rehema akamwambia mama yake: Mama, mwambie baba simdharau mtu aliyeletwa. Ni mtu mwema. Lakini nikienda kwake sasa, nitakwenda mwili tu, akili nitakuwa nimeiacha darasani. Aniache nisome. Nikimaliza nitarudi nyumbani kwake, ndipo tuzungumze habari za mume."

"Na karani je?" aliuliza Mama Bupe.

"Karani anasubiri."

"Atasubiri mpaka lini? Mwanaume wa bandarini huyo?"

Wakacheka. Bibi hakucheka, alikuwa anaangalia maua yaliyokuwa mikononi mwake. Nyuma ya ukuta kulikuwa kimya kabisa.

"Haya, baba yake akasemaje?" aliuliza tena Mama Bupe.

"Kitabu kimeishia hapo," alisema Sekela, akaketi.

Ghasia iliyotokea sijaisahau. Walimlaumu mwandishi, walimlaumu msichana wa Madibira, walinilaumu hata mimi. Tangu siku ile naijua hasira ya msomaji aliyenyimwa mwisho, na sijawahi kumchokoza makusudi.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea mtamba majani yake. Babu alikuwa amevaa koti lake la kanisani na ameshika fimbo.

"Ile habari yenu ya pareto," alisema bila kunitazama. "Yule baba alijibu nini?"

"Hatujui, Babu. Kitabu kimeishia hapo."

"Mwandishi gani huyo anayeacha kazi katikati?" Akainama, akafungua kamba kwenye mti. "Kawaambie wenzako, yule baba alikubali."

Akamswaga mtamba kuelekea barabara kuu ya Chimala, kwa miguu, mzee wa umri wake. Nilikimbia uani nikatoa habari kama nilivyotumwa. Sekela akaketi ghafla juu ya kichanja cha pareto, kikavunjika. Bibi akamgombeza sana kwa kuharibu maua, huku yeye mwenyewe akijifuta machozi kwa pembe ya khanga.

Babu alirudi miguu imevimba. Alisema tu kwamba kule Chimala amelishwa wali mzuri na kwamba yule bwana ni muungwana. Sekela alifundisha Iringa mpaka alipostaafu. Aliolewa baadaye na mtu aliyemchagua mwenyewe, akagombana naye kama watu wote. Tulipokuwa watu wazima nilimuuliza riwaya ile kwa kweli iliishaje. Akacheka. "Rehema aliolewa na tajiri," akasema, "tena kwa furaha. Harusi peke yake kurasa nzima nzima."

Siku hizi hadithi zangu huziweka kwenye simu, sura kwa sura. Kabla chai haijapoa vijana wameshaniandikia: weka mwisho, admin, tuna haraka. Mabinti miongoni mwao huwaandikia baba zao lolote wanalotaka, na baba hujibu kwa kidole gumba cha rangi ya njano. Pengine ni vizuri zaidi, Sekela asingelazimika kupaza sauti. Hata hivyo nakikumbuka kikohozi kile na kunyamaza kwake. Nina wasomaji wengi kuliko nilivyowahi kutarajia, na wananisifu mpaka naona haya, lakini sijapata mwingine aliyesikia sura ya mwisho, akaamka asubuhi, akafungua kamba ya ng'ombe.