Matuta ya Kuzunguka

Msusi wetu wa mtaa wa Umoja hana rula. Ana ncha ya kichana na midomo inayonong'ona: chota, pitisha, ongeza, chota, pitisha, ongeza. Kwa maneno hayo tu matuta ya nywele hufika kisogoni yakiwa sawa kabisa, nami hutazama mdomo wazi. Ijumaa Everline, aliyekuwa aolewe kesho yake, aliketi kati ya magoti ya msusi. Alikuwa na kovu la maji moto utosini, lisiloota nywele.

"Anti, shela ikivuliwa wote wataliona."

Msusi akalipapasa. "Kwetu shamba lenye jiwe hulimwa kwa kuzunguka."

Akanong'ona yale yale, na matuta yakazunguka kama gamba la konokono, yakitanuka hadi masikioni. Everline akainua kioo, akageuza kichwa huku na huku.

"Kovu liko wapi?"

"Hapo nilipoanzia."