Mwalimu wa Salsa Aliyemnyooshea Rula Mpiga Drams

“Mimi Jumamosi sichezi. Nitaingia natembea tu kama watu wengine,” anasema Yunisi. Viatu vyake vya mazoezi ameshavisukumia chini ya dawati.

“Utembee wakati kamati ya harusi imeshakodi bendi?” anauliza mchumba wake, Jofrey.

“Basi cheza wewe na kamati.”

Ni saa kumi na moja jioni, Iyunga jijini Mbeya, ndani ya darasa la chekechea lililokodiwa baada ya watoto kwenda nyumbani. Katikati amesimama Lusekelo Mwaipopo, mama wa miaka 39, mwalimu wa dansi ya salsa, rula ndefu ya mbao mkononi. Anajua chanzo cha ugomvi huu ni yeye.

Kazi yake ni kuwafundisha maharusi kuingia ukumbini kwa madoido. Wanamlipa shilingi 80,000 kwa wiki mbili, na kwa hela hiyo anasomesha watoto wawili. Wengi humjia siku zimebaki chache na miguu mizito, hivyo akabuni njia ya mkato. Hawafundishi kusikiliza muziki. Anagonga rula mezani na kuhesabu: moja, mbili, tatu, pumzika, tano, sita, saba, pumzika. Siku ya sherehe anasimama karibu na keki, rula mkononi, anahesabu kwa midomo bila sauti, maharusi wanamtazama.

Njia hiyo imemlisha miaka sita. Jumamosi iliyopita, kwenye sherehe ya kumuaga Yunisi kwao Iringa, ikamwaibisha mbele ya ukoo mzima.

Bendi ilirefusha utangulizi kuliko wimbo wa kwenye simu waliofanyia mazoezi. Lusekelo akaanza kuhesabu pale pale alipozoea, na wanafunzi wake wakamfuata. Muziki huku, miguu kule. Mpiga drams, mzee Gideoni, alipoona hivyo akajaribu kuwaokoa: akaipiga kwa nguvu ile “moja” ya kweli, mdundo wa kwanza, wapate pa kushika. Lusekelo akadhani mzee ndiye kakosea. Akamnyooshea rula.

Kisha bendi ikanyamaza ghafla, pale ambapo bibi harusi alitakiwa asimame na kugeuza shingo. Bibi harusi akaendelea kukanyaga katika ukimya, kama mgambo.

“Nilikuwa natafuta mdomo wako, madam,” Yunisi anasema. “Shangazi mmoja alisimama mbele yako na simu yake, nikapotea. Hebu jione.” Anamkabidhi simu.

Video ilisambaa tangu usiku ule kwenye kundi la WhatsApp la harusi. Lusekelo alikuwa hajaifungua. Chini yake mtu ameandika: “Mpiga drams kafeli hisabati.” Sasa anauona mkono wake mwenyewe ukimkaripia mzee mwenye mvi. Anamwona mzee akiinamisha macho. Nyuma yao akina mama wanacheka.

Anarudisha simu bila kumtazama mtu.

Salsa aliijulia Iringa hiyo hiyo, kwa Severina, mpishi wa hoteli aliyemkalisha kando ya spika na kumkataza kuinua mguu mpaka aweze kusema, macho yamefumbwa, besi inaingia wapi. “Ilinichukua mwezi mzima,” anasema Lusekelo. “Ningekuwa sijui, ningejitetea. Nilijua. Niliona kuhesabu kunawahisha, nikauza kuhesabu.”

Anampigia Gideoni simu, sauti ameiweka wazi ili wote wasikie.

“Shikamoo, baba. Ni Lusekelo wa Mbeya. Yule wa rula.”

“Marahaba, mwalimu wa hesabu. Umepiga kunisahihisha tena?”

Jofrey anacheka. Yunisi anamkata jicho.

“Hapana, baba. Ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekosea, halafu nikakudhalilisha mbele za watu. Naomba unisamehe.”

“Juzi wajukuu wameniwekea rula kwenye sahani ya ugali,” anasema mzee. “Nimekusamehe. Ila Jumamosi tukija huko Soweto ya Mbeya, hiyo rula nisiione.”

“Hutaiona. Na utangulizi, baba, mtaupiga mrefu au mfupi?”

“Bendi ikichangamka tunarefusha. Hapo siwezi kukudanganya.”

Simu inakatika. Lusekelo anafungua kabati la chekechea, anaiweka rula juu ya madaftari ya watoto na kufunga.

“Yunisi, vaa viatu.”

“Nani atatuhesabia?”

“Hakuna.”

“Na tukipotea mbele ya wakwe?”

“Mtasimama, mtasikiliza, mtaingia tena. Besi inazunguka, itawapitia. Jumamosi mimi nitakaa jikoni na wapishi. Msinitafute.”

Anachagua wimbo ambao hawajawahi kuufanyia mazoezi, anauwasha, kisha anawapa mgongo. Mbele yake ukutani kuna chati ya watoto: embe moja, ndizi mbili, mayai matatu.

Mara ya kwanza wanaingia mapema, wanajikwaa. Anaurudisha wimbo. Mara ya pili Yunisi ananong’ona: “Moja, mbili…”

“Nakusikia,” Lusekelo anasema bila kugeuka.

Mara ya tatu hakuna anayenong’ona. Utangulizi unakwenda, unakwenda, mrefu kuliko ule wa Iringa. Jofrey anavuta pumzi. Besi inaingia, na nyuma ya mgongo wa mwalimu miguu minne inatua nayo pamoja.

Lusekelo hageuki.