Sauti Iliyopotea Njia

Mama Futi hakuweza kushona bila watu wa kumpigia soga. Tangu mwanawe wa mwisho ahamie mji mwingine kikazi, chumba kilibaki na cherehani, kitanda, meza ya kukatia, na kimya cha kumkaa mtu kifuani. Mwanawe alipiga simu alipokumbuka, na alikuwa msahaulifu. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajagusa kitambaa, Mama Futi aliiegemeza simu kwenye kopo la chaki, akafungua kundi la mafundi wenzake liitwalo Pindo kwa Pindo, na chumba kikajaa watu.

Watu wenyewe hakuwahi kuwaona kwa macho. Waliingizwa kundini mmoja mmoja, huyu akimleta yule, na kila aliyeingia alipachikwa jina. Yeye alipewa la Mama Futi kwa sababu alipima kitambaa mara tatu kabla ya kukata, na bado akaomba ushauri. Kiongozi wa kundi alikuwa Mkasi, mwanamke mwenye ulimi usio na pindo. Kofia alishona kofia, na Fundi Suruali alikuwa mwanamume peke yake humo ndani, jambo ambalo wanawake hawakumwacha alisahau hata siku moja.

Hawakuandikiana sana. Mikono ya fundi ina kazi, kwa hiyo walitumiana sauti, na nyuma ya kila sauti ulisikia cherehani ikikimbia.

"Fundi Suruali, umeamka?" Mkasi aliuliza.

"Nimeamka dada, niko kazini."

"Kazini au kitandani? Mbona sisikii mashine?"

"Napiga pasi."

"Haya, usije ukatoboa suruali ya watu kama juzi."

"Jamani, lile tobo si nililitia mfuko? Mwenyewe alikuja kunishukuru!"

Mama Futi alicheka peke yake mpaka uzi ukakatika.

Lakini aliyempenda kuliko wote ni Bi Vifungo, mtu mzima wa kundi. Sauti yake ilikwenda polepole, kama mtu anayeshuka ngazi huku ameshika ukuta. Ndiye aliyetangulia kusalimu kila siku. "Wanangu, mmeamkaje na sindano zenu?" Zikafuata shikamoo zao, na yeye akaitikia kila mmoja kwa jina lake, harukii mtu. Mama Futi na Bi Vifungo walikuwa pia na mazungumzo yao wawili, nje ya kundi. Waliambiana habari za magoti, za wateja wanaonenepa halafu wanamlaumu fundi, za watoto waliooa na kusahau walikotoka. Zilipita siku ambazo Mama Futi hakusema neno na mtu mwingine yeyote wa karibu ila yule aliye mbali.

Humo ndimo Bi Vifungo alimomwambia siri yake. "Mwanangu, nikupe neno, ulifunge kwenye upindo wa kanga yako. Macho yananiaga. Asubuhi jirani yangu hunitungia uzi kwenye sindano nyingi kwa pamoja, nazichomeka kwenye mto, nafanyia kazi siku nzima kwa kupapasa. Vifungo na matundu yake ananishonea yeye. Kundini wasijue. Fundi asiyeona ni nani atampa kitambaa?"

Mama Futi aliapa. Na hakuwa mmbea, hilo ni kweli. Tatizo lake lilikuwa wasiwasi, ambao kwake ulikuwa kama mtoto mchanga: akimweka chini tu, analia. Siku hizo Mkasi alikuwa amepata kazi ya sare za zahanati moja, akawagawia wanakundi. Magauni alimpa huyu, makoti alimpa yule, na blauzi alimpa Bi Vifungo. Kila Mama Futi alipofikiria zile blauzi nyeupe na mkono unaopapasa, aliziona tayari zimeharibika. Akamkumbuka mdogo wake, aliyekuwa msafishaji katika hospitali ya macho. Huyo angejua la kufanya.

Kwa hiyo mchana mmoja, mguu mmoja ukiwa kwenye pedali, alinyoosha kidole kugusa jina la mdogo wake kwenye simu. Sekunde hiyo hiyo Fundi Suruali akatuma mzaha wake, na kundi, kama kawaida ya kundi lililopata ujumbe mpya, likaruka juu ya majina yote na kukaa pale kidole kilipokuwa kikishukia. Mama Futi hakutazama. Macho yake yalikuwa kwenye mshono. Akaishikilia alama ya sauti, akasema yote.

"Mdogo wangu, hebu nisaidie. Yule rafiki yangu wa kundini, Bi Vifungo, macho yanamwisha, maskini. Hata vifungo vyenyewe anashonewa na jirani, na sasa kapewa blauzi za watu. Nalala naota zimeharibika. Waulize hao madaktari wako kama kuna dawa."

Akaachia. Akanyanyua macho ili aone kama imekwenda, akaliona jina la kundi.

Alikamata simu kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kuku asitoroke, akaibonyeza ile sauti mpaka yakatokea maneno ya kufuta. Hakusoma yote. Alibonyeza la kwanza lililosema futa, na sauti ikatoweka. Akatazama tena, haipo. Akaenda mbele, akarudi nyuma, haipo. "Alhamdulillahi," akasema, akaketi kitandani. Kisha akaituma upya kwa mdogo wake, safari hii akisoma jina kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jioni hiyo alirudi kundini na uchangamfu wa mtu aliyeponea chupuchupu. Alimtania Fundi Suruali. Fundi Suruali akajibu kwa neno moja. Aliuliza bei ya zipu, na Kofia akamwandikia bei bila salamu. Mkasi hakusema kitu. Mama Futi akadhani labda wamechoka. Asubuhi yake alisubiri "wanangu, mmeamkaje," isije. Akasalimu yeye. Watu wakaitikia juu juu, kama watu waliokaa msibani wakisubiri mwili.

Baadaye, akiwa anapiga chaki kwenye kola, kioo cha simu kikaandika: Bi Vifungo ametoka kwenye kundi.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kundi la watu wanaoulizana mpaka habari za mafua ya paka, na hakuna aliyeuliza.

Mchana Kofia akampigia. "We Mama Futi, samahani, lakini mimi siwezi kukaa na jambo kooni. Ile sauti yako mbona hujaifuta?"

"Sauti gani? Niliifuta palepale!"

"Umejifutia mwenyewe."

"Kujifutia vipi?"

"Kuna kufuta kwako na kufuta kwa wote, mama. Wewe umefuta kwako. Sisi wote tunayo. Hata sasa nikibonyeza utajisikia unavyolia lia."

"Na mlikaa kimya?"

"Tungesema nini? Tuliona aibu kwa ajili yako, na kwa ajili yake. Kila mtu akajifanya hakusikia. Yeye mwenyewe alisikia, kuna alama pale."

Mama Futi alibaki ameshika simu hata baada ya Kofia kukata. Kumbe kuanzia jana alikuwa akicheka na watu walioziba midomo. Ule mzaha wake, zile zipu, vyote alivisema akiwa amevaa nguo iliyochanika mgongoni, na wote nyuma yake wakiona.

Jambo la kwanza alilotaka ni kumwomba radhi Bi Vifungo. Lakini alama ya sauti sasa aliiogopa kama waya wa umeme. Hakuwa na mkono wa kuandika, shule aliiachia njiani. Hata hivyo aliandika. Aliketi mezani, akaweka nguo za watu pembeni, akaandika ujumbe mrefu neno kwa neno, akifuta na kurudia. Akaeleza kidole, na kundi lililoruka, na mdogo wake wa hospitali. Akatuma. Alama mbili zikaja, zikageuka buluu. Umesomwa. Jibu halikuja. Akaandika mwingine. Buluu. Kimya. Wa tatu, kwa herufi kubwa: NISAMEHE. Buluu tena, na kimya kile kile.

Akampigia Mkasi badala yake. "Dada, zile blauzi nipe mimi nizishone, jina libaki la Bi Vifungo. Malipo yaende kwake. Hakuna atakayejua."

Mkasi alivuta pumzi. "Mama Futi, mimi sina ubaya naye. Nampenda. Lakini kazi ya watu ni kazi ya watu, na mimi ndiye niliyeweka uso wangu pale zahanati. Blauzi nimeshampa Kofia."

"Kofia? Kofia huyu huyu aliyenipigia?"

"Kwani kuna wangapi?"

Mama Futi akakumbuka jinsi Kofia alivyosema hawezi kukaa na jambo kooni, na kumbe hilo la blauzi lilimkaa kooni vizuri tu. Akataka kukasirika, akashindwa. Aliyefungua mlango hana haki ya kumlaumu aliyeingia.

Siku hizo hakula vizuri. Alivipima vitambaa mara tatu, na bado akakosea mkono wa gauni. Kila dakika alitazama simu aone kama Bi Vifungo yuko hewani. Alikuwa hewani! Akiingia, akitoka. Yupo, anasoma, na hataki kunijibu, akawaza. Hilo lilimuuma kuliko matusi. Mwishowe, alipoona hata chai haipiti, akabonyeza kupiga.

"Nani?" ilisema ile sauti ya polepole.

"Ni mimi. Mama Futi. Shikamoo."

"Marahaba."

"Bi Vifungo, najua umekasirika. Ulisoma yote niliyokuandikia, hukujibu, na mimi sikulaumu..."

"Niliyasoma na nini?"

Mama Futi aliikandamiza simu sikioni.

"Nagusa, kinafunguka, naona mistari kama siafu kwenye ukuta. Nikajua umetuma kitu. Ningempa nani anisomee? Jirani? Aone naye ametajwa humo, kwamba ndiye anayenishonea vifungo?" Akakohoa kidogo. "Nilisubiri sauti yako. Kila siku nafungua, nasema labda leo atasema. Nikaona siafu tu. Nikasema basi, huyu amenitangaza, na hata neno la samahani ameninyima."

Mama Futi aliweka mkono kinywani. Alijua macho ya mwenzake yamekwisha. Ndiyo siri yenyewe aliyoimwaga. Na bado akamwandikia asiyeona. Alianza kulia, na akilia alikuwa analia kwa kelele.

"Haya, usinipasue sikio, sasa ndilo lililobaki," alisema Bi Vifungo, na kulikuwa na kitu kama kicheko, kikapotea haraka. "Kunitangaza nimekusamehe. Lingejulikana tu. Kilichoniuma ni lile neno. Maskini. Unanisema kwa mdogo wako kama kuku mgonjwa."

"Ni wasiwasi, Bi Vifungo. Nilitaka wakupatie dawa. Mdogo wangu amesema ufike, watakupima..."

"Nilishakwenda, mwanangu."

"Lini?"

"Zamani, kabla sijakuambia. Walinipima mpaka nikachoka. Wakasema kilichoondoka hakirudi, na kilichobaki kitaondoka kidogo kidogo. Ndiyo maana nilikuambia wewe. Dawa sikuitafuta kwako. Nilitaka mtu mmoja awe anajua. Ungeuliza ningekuambia. Hukuniuliza hata mara moja. Ulikwenda kuogopa peke yako."

Nje, mtu alikuwa akiburuta ndoo kwenye saruji. Kipande cha gauni kilikuwa kimesimama katikati chini ya sindano, na hakukigusa.

"Na kundini utarudi?" aliuliza mwisho.

"Nirudi kufanya nini? Kila nitakayemsalimu ataniitikia kwa huruma. Sitaki. Na kazi imekwenda, nasikia amepewa Kofia. Jirani ameshaniambia niiuze mashine ingali ina bei. Nimemwambia asinisumbue."

"Ni mimi nimekufanyia haya yote."

"Umenifanyia. Sasa utakaa hapo unalia, au utaniuliza?"

"Nikuulize nini?"

"Unachotaka kujua. Wewe si mtu wa kupima mara tatu? Pima."

Mama Futi alijifuta uso kwa kitambaa cha mteja, akashtuka, akakirudisha mezani. Akavuta kiti mbali na cherehani ili mguu usiguse pedali.

"Sasa hivi," alisema polepole, "hapo ulipokaa, unaona nini?"

Mama Futi alisikia kiti kikilia kule, kama mtu anayegeukia dirisha.

"Mwanga naujua uliko," alisema. "Na nyekundu. Nyekundu bado haijanitupa. Jirani ameanika shuka nyekundu, nadhani ni shuka. Ngoja nisogee."