Mpira Uliopanda kwa Mikono

Nakumbuka siku moja ya jua kali, mwanangu, wanafunzi wa chuo walipocheza tena mpira baada ya kipindupindu. Mji wetu wa Bukavu ulikuwa umenyamaza miezi mingi: chuo kimefungwa, uwanja umeachiwa mbuzi. Mimi niliacha shule mapema nikawa mtu wa kuzunguka, leo huku kesho kule, na penye watu wengi sikosi kupita. Nami nikaenda.

Kipa wao, Murhula, alikuwa jirani yangu mtaani Bagira. Aliugua akapona, na daktari alisema hana tena ugonjwa. Lakini alirudi mwembamba, jezi inamning'inia, na wenzake walimpa salamu za mbali. Asubuhi ile aliniambia, “Leo wakinikimbia mbele ya watu, naacha chuo.”

Uwanja wenyewe ulikuwa juu ya mteremko, na chini yake ziwa. Desturi yetu ilikuwa hivi: mpira ukipita nyuma ya goli na kubingirika, watazamaji wa mteremkoni waliupandisha, mkono kwa mkono, hadi kwa kipa. Siku ile, nyuma ya Murhula hapakuwa na mtu. Wote walikuwa wamesogea pembeni. Mpira ulipotoka alishuka mwenyewe, akapanda akihema. Ukatoka tena, akashuka tena. Wapinzani wao, wachezaji wa Nyangezi, ambao tayari walikuwa na bao moja, wakamtania, wakimwita mwananchi kwa Kifaransa: “Citoyen, shuka polepole, ziwa haitakimbia.” Watu wakacheka. Nami nilikuwa nimesimama palepale pembeni na wao.

Mara ya tatu hakupanda. Tulimwona kule chini ameketi, mpira mapajani, uso ameuelekeza majini. Kicheko kikakatika. Nikajua, huyu amekwisha kuacha chuo.

Ndipo kipa wa Nyangezi akatoka golini kwake. Jitu refu, miguu peku. Alivuka uwanja mzima akitembea, wenzake wakimwita arudi, muda uko upande wao, wanashinda. Alipofika ukingoni, muzee mmoja akamwonya asimguse yule. Akajibu bila kupaza sauti, na tulivyokuwa kimya kila mtu alisikia:

“Papa, kaka mukubwa yangu alipelekwa na ugonjwa huo huo, hakurudi. Huyu amerudi. Namna gani nimuogope?”

Akashuka. Akaketi kando yake kidogo. Walichosema sikijui mpaka leo. Kisha akamshika mkono, wakasimama.

Na hapo, mwanangu, nikaona jambo ambalo sijaliona tena katika kuzunguka kwangu kote. Maman mmoja akateremka, akauomba mpira. Akampa kijana aliyeshuka nyuma yake. Watu wakaanza kushuka kutoka pembeni, wakajipanga wenyewe, bila kuitwa, na ule mpira ukapanda mlima mikononi mwao polepole kama kitu kitakatifu. Ulipita mikononi mwangu. Ulikuwa na vumbi na jasho lake. Nikampa aliyekuwa juu yangu.

Chuo kilishindwa siku ile. Murhula alimaliza masomo yake.

Nawe, ugonjwa ukija, nawa mikono, tii madaktari, funga mlango ukiambiwa. Ila mlango ukifunguliwa, usimwache aliyepona apande peke yake. Kurudi kwake hakujaisha mpaka mtu amshukie. Mungu akupe miguu ya kumshukia mwenzako, na pumzi ya kupanda naye.