Fundi wa Lifti na Mikahawa ya Wageni

Sabin Prodan alikuwa fundi wa lifti mjini Bukareshti, na kwa sababu hiyo aliijua mikahawa ya mji ule kwa upande wa nyuma. Wateja wengine huingia kwa mlango wa mbele wakapokewa na taa na vitambaa vya meza. Sabin aliingia kwa lifti ya mizigo, sanduku la spana mkononi, akatokea jikoni moja kwa moja. Alijua nani anabadilisha mafuta ya kukaangia na nani anayaacha yazeeke. Alijua mpishi yupi hula alichopika mwenyewe, na yupi hutuma mtu akamnunulie mkate.

Ndiyo maana mtu wa mjini akipata wageni kutoka mikoani, simu ya kwanza alimpigia yeye.

"Mzee Sabin, shemeji zangu sita wanaingia kesho kutoka Bacău. Wanataka chakula cha kigeni, ila mimi mfukoni hali si hali."

"Pilipili wanaweza?"

"Pilipili? Hao hata haradali inawatoa machozi."

"Basi wapeleke kwa Wavietnamu nyuma ya soko la Obor, ghorofa ya pili. Kwa lei thelathini na tano mtu anakula mpaka anafungua mkanda. Ukiingia mahali menyu ina picha mia, geuka utoke, umepotea njia."

Alikuwa na madaha kidogo kuhusu ujuzi huo, tusimfichie. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mgane tangu mkewe Mioara afariki, tumbo limetangulia mbele, na akiulizwa swali la mkahawa alikohoa kwanza kama hakimu. Lakini vuli ile alikuja mgeni aliyemnyima usingizi, naye alikuwa dada yake wa kuzaliwa, Lucreția.

Lucreția ndiye aliyemlea Sabin baada ya mama yao kufariki. Sasa alikuwa na miaka sabini na mitatu, akiishi peke yake kijijini, kule milima ya Maramureș, na nyonga moja mbovu. Baridi iliyopita alianguka uani akiwa na kuni mikononi, akalala kwenye theluji hadi mpeleka barua alipomkuta. Tangu siku hiyo Sabin alimbembeleza ahamie kwake. Alibembeleza miezi na miezi, na Lucreția ana kichwa kigumu kuliko wanakijiji wote ukiwajumlisha.

"Nitakuja siku tatu nione," alisema mwishowe kwenye simu. "Nisipopapenda, narudi kwangu, na neno hilo usinitajie tena mpaka nife."

Siku tatu! Sabin aliomba likizo, akapanga mambo kama mtu anayeoza binti. Alikuwa na hakika kwamba dada yake akishaonja mji ule unavyolisha watu, kwa bei ile, kijiji atakisahau.

Lucreția alishuka kwenye treni na mifuko minne: nyama ya kukausha kwa moshi, jibini, chupa za pilipili za siki. Sabin akaipokea, akaiweka kwenye baraza la nyumba yake palipo na ubaridi, akamwambia, "Leo hugusi kitu, dada. Wewe ni mgeni wangu."

Siku ya kwanza alimpeleka kwa Wachina wa Colentina, wanapokula wafanyabiashara wenyewe. Lucreția alimtazama bata mwekundu akiwa sahanini.

"Huyu alikuwa anaumwa nini?"

"Ni viungo, dada. Onja."

Alionja. Alimla bata mzima. Lakini Sabin alipomuuliza ameonaje, alisema tu, "Nimeshiba, Mungu awabariki."

Siku ya pili ikawa zamu ya Waturuki. Nyama ilikuwa laini, mkate wa moto, chai mara tatu bila kuongezewa bei. Sabin alisimulia jinsi alivyopagundua, akacheka mwenyewe. Lucreția alikula kwa adabu, mkoba mapajani, kama aliyeketi kumsubiri daktari. Asubuhi Sabin alimletea kifungua kinywa chumbani kutoka duka la mikate la chini. Lucreția alipotaka kuosha kikombe chake, Sabin alimpokonya.

"Kaa, dada, kaa! Mgeni wangu haoshi."

Siku ya tatu treni ya kurudi ilikuwa ya saa kumi na mbili jioni. Sabin alikuwa ameacha silaha yake kubwa mwishoni: mkahawa wa Bi Samira, Mlebanoni. Saa kumi wateja walikuwa wameshapungua, na Bi Samira mwenyewe alikuwa ameketi meza ya pili akikunja majani ya mzabibu yenye wali ndani. Lucreția alimtazama. Akatazama tena. Kisha akainuka bila kuaga, akavuta kiti, akanawa mikono kwa maji ya jagi, akaanza kukunja naye. Hawakuwa na lugha moja. Bi Samira aliliangalia jani lililokunjwa, akapiga ulimi kwa kuridhika, akamsogezea bakuli zima. Lucreția akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni.

Sabin alifurahi moyoni. Kumbe chakula kilikuwa hiki!

"Enhee! Sasa utahamia, dada?"

"Sihamii," alisema Lucreția, mikono ikiendelea. "Mama huyu hanijui hata jina, na amenipa kazi. Wewe ndugu yangu umenipa menyu. Siku tatu unanizungusha kama mjumbe wa serikali, na mlango wa jiko lako umefungwa kwa ufunguo. Kama hutaki niguse vitu vyako, ungesema tu. Nikae kwako nikiwa mgeni mpaka lini?"

Maneno hayo yalimuuma Sabin, na kilichomuuma zaidi ni kwamba sababu aliijua.

Hawakwenda stesheni. Alimrudisha nyumbani, akatoa ufunguo, akafungua. Mezani palikuwa na mota ya lifti. Jiko la gesi lilikuwa limefunikwa na mizunguko ya nyaya, na kwenye sinki kulikuwa na makopo ya grisi.

"Tangu Mioara afariki sijawasha jiko," alisema. "Niliona aibu ulione."

"Miaka minne?"

"Minne."

"Na mikahawa yote ile?"

"Mtu lazima ale mahali, dada."

Hapo ndipo alipolia, mtu mzima na tumbo lake, kwa sauti. Lucreția alimshika kichwa akakiegemeza begani, akamwacha amalize. Kisha akaitazama mota.

"Ondoa hilo dude mezani kwangu."

"Treni yako imebakiza nusu saa."

"Nimekuuliza habari za treni? Sufuria iko wapi?"

Sabin alifungua kabati la kwanza, la pili, la tatu. Yote yalikuwa na skrubu.

"Basi shuka ukanunue," alisema Lucreția, akikunja mikono ya sweta. "Chukua kubwa. Watu wawili, kila siku."